UZI: Mchezaji bora wa Ayalandi nzima, daraja la junior, kijiji cha Fossa

Mpishi wa Killarney

Wakuu salaam. Kwenye ule uzi wa Ndondo, soka la mitaani la Dar, kuna watu walinibana nieleze huu mpira wa Kigaeli wa huku niliko, Killarney, kaunti ya Kerry, Ayalandi, maana kila nikiutaja mnaona nawapiga kamba. Leo sina zamu mpaka jioni, mvua inanyesha kama kawaida yake, chai ipo mezani. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kwa amani.

Julai 24, 2022, Croke Park, Dublin. Uwanja unaoingiza watu 82,300 umetapika. Fainali ya Ayalandi nzima, kaunti ya Kerry na kaunti ya Galway. Kerry wanashinda 0-20 kwa 0-16 (yaani pointi 20 kwa 16, namba nitazieleza chini) na kubeba ubingwa wao wa 38. Jamaa mmoja wa mguu wa kushoto, David Clifford, miaka 23, anafunga pointi 8. Mwisho wa mwaka anapewa tuzo ya mchezaji bora wa nchi.

Sasa huyo huyo, kabla mwaka haujaisha, yuko uwanja wa kijijini, matope mpaka magotini, anakabwa na fundi umeme ambaye asubuhi alikuwa juu ya ngazi. Daraja la junior. Hakushushwa, hakuadhibiwa, hakuwa anatafuta mazoezi baada ya majeraha. Hilo ndilo daraja lake, na uzi huu ni wa msimu huo.

Mchezo wenyewe kwanza, kwa wale ambao hawajawahi kuuona. Mpira wa Kigaeli si soka wala si raga. Kila upande watu 15. Unadaka mpira na kukimbia nao, lakini hatua zisizidi 4. Baada ya hapo uudunde chini au uudondoshe kwenye ncha ya kiatu na kuurudisha mkononi. Kuudunda mara mbili mfululizo ni faulo. Pasi ya mkono haitupwi, inapigwa kwa ngumi au kiganja. Mpira ukiwa chini huuokoti hivi hivi, lazima uunyanyue kwa mguu kwanza. Lango lina nguzo ndefu kama herufi H, na chini kuna wavu na kipa. Ukipiga juu ya mtambaa panya, katikati ya nguzo, ni pointi 1. Ukiingiza wavuni ni goli, na goli ni sawa na pointi 3. Ndiyo maana matokeo yanaandikwa kwa namba mbili: 1-13 ni goli 1 na pointi 13, jumla 16. Kwa hiyo mkiona 0-19 dhidi ya 1-13 msikimbilie kumpa ushindi mwenye goli.

Msimamizi ni chama kinachoitwa GAA, kilichoanzishwa mji wa Thurles mwaka 1884. Kinashika kaunti zote 32 za kisiwa, hata zile 6 za Ireland ya Kaskazini zilizo chini ya Uingereza. Chini ya kaunti kuna klabu, na klabu ni parokia: kanisa, shule ya msingi, duka, baa, uwanja. Klabu ndizo zenye madaraja. Juu kuna senior, katikati intermediate, chini junior, na junior yenyewe ina ngazi zake za kuteremka. Haihusiani na umri hata kidogo. Nimeshuhudia beki wa junior mwenye mvi kichwani, mtoto wake yuko benchi anasubiri aingie.

Na hapa ndipo penye utamu: mtu hana daraja, kijiji ndicho kina daraja. Ukizaliwa Fossa, unachezea Fossa. Fossa ikiwa junior, wewe ni junior, hata kama Julai ulikuwa mfalme wa nchi.

Nakuja na sehemu ya pili, ngoja nigeuze maharage.

Kijiwe Nongwa

Nimeweka mkeka hapa. Ila mkuu, mbona hiyo ni ndondo tu? Hata Dar mastaa wa Ligi Kuu wanashuka mchangani, watu wanajaa, vumbi linatimka, maisha yanaendelea.

Mtoto wa Eldoret

Huu uzi umeniweza. Sisi huku Wairishi tunawajua kupitia Brother Colm O'Connell, aliyekuja St Patrick's Iten mwaka 1976 kufundisha darasani, akaishia kuwa kocha wa kina David Rudisha. Swali langu ni moja: huyo Clifford analipwa pesa ngapi? Kwetu kijana akiwa na kipaji hivyo, wazazi wanauliza mapema.

Mpishi wa Killarney

Kijiwe Nongwa, nilijua utaleta ndondo, na kwa macho kweli zinafanana: watu wamesimama kwenye chaki, kila mmoja kocha, mama wa mchezaji anamtukana refa. Tofauti iko kwenye mamluki. Mchangani kwetu, tajiri wa mtaa akitaka kombe anaingia mfukoni, analeta watu watatu wa Ligi Kuu kwa mechi moja, kesho wanachezea mtaa mwingine. Huku hakuna kitu kama hicho. Tajiri wa kijiji jirani hata aje na gunia la euro, Clifford hawezi kumchezea. Uhamisho wa klabu upo, ila una masharti na unatazamwa kwa jicho baya. Mwanamume anaweza kuoa kijiji cha pili, kujenga kijiji cha pili, na kila Jumanne jioni bado anarudi kufanya mazoezi alikozaliwa.

Eldoret, jibu lako ni sifuri. Mchezo ni wa ridhaa kuanzia junior mpaka Croke Park ikiwa imejaa. Wa timu ya kaunti wanarudishiwa pesa ya mafuta ya gari na vitu kama hivyo, mshahara hakuna. Mchezaji wa klabu ndiyo kwanza analipa ada ya uanachama. Clifford siku za kazi ni mwalimu wa sekondari. Mwaka 2017, akiwa nahodha wa vijana wa Kerry, alifunga 4-4 peke yake kwenye fainali dhidi ya Derry. Piga hesabu mwenyewe: pointi 16. Klabu za Australia, kule ambako mchezo unafanana kidogo na watu wanalipwa vizuri, zilimtolea macho. Akabaki nyumbani.

Pesa za klabu zinatoka kwa wanakijiji. Kuna bahati nasibu ya kila wiki, tiketi unanunua dukani au baa. Mimi mwenyewe nanunua, na sijawahi kushinda hata ya kununulia kitunguu.

Refa Mstaafu

Mwandishi unaandika vizuri lakini unapamba uonevu. Mchezaji bora wa nchi dhidi ya mafundi umeme, hapo ushindani uko wapi? Kila mchezo una madaraja ili watu wakutane na saizi yao. Ningekuwa na mamlaka, mtu aliyecheza fainali ya taifa mwezi Julai asingeruhusiwa kugusa junior mwaka huo.

Mpishi wa Killarney

Refa, hoja yako inasemwa hata huku, tena na watu wazima kabisa. Nitakujibu ndani ya hadithi. Sehemu ya pili.

Kuna kijana niko naye jikoni kwetu, kazi yake nyama. Anachezea timu ya junior ya kijiji kingine, ngazi ya chini kuliko Fossa. Kwa hiyo msimu huu sikuuona kwenye simu tu. Jioni za mazoezi tukimaliza kuandaa, anavua aproni, anakaa juu ya kreti la viazi na kuanza kujifunga plasta nyeupe vidoleni, kimoja kimoja, akikata kwa meno. Vidole viwili vya mkono wa kulia havinyooki tena. Simu iko pembeni, kundi la timu linawaka: nani anakuja? Huyu ana ng'ombe anazaa. Yule yuko zamu ya usiku hospitali. Mwingine amepata kazi Sydney na anaondoka kabla ya robo fainali. Hilo la mwisho ndilo linaloua timu za junior kuliko jeraha lolote. Kijiji kina vijana 20 wa kucheza; wanne wakipanda ndege, kocha anampigia simu mtu aliyestaafu mpira miaka mingi iliyopita aje na viatu vyake.

Siku ya mechi refa anakuja na watu wake wanne wa kusimama nyuma ya magoli, mara nyingi ndugu au rafiki zake, wamevaa makoti meupe kama wauza nyama buchani. Ikiwa pointi wanapeperusha kibendera cheupe, ikiwa goli cha kijani. Wachezaji wote wana kinga ya meno, ni lazima tangu miaka ya 2010, na ukiona jinsi mabega yanavyogongana utaelewa kwa nini. Dakika 60, vipindi viwili. Mapumziko watu wanakimbilia chai kwenye chumba cha klabu. Kama jengo lipo.

Sasa Fossa. Ni kijiji kando ya ziwa Lough Leane, ukitoka Killarney ukielekea Killorglin unakipita bila kujua kama macho yako yako kwenye milima. Clifford yupo na kaka yake Paudie, naye ni mchezaji wa Kerry aliyekuwamo kwenye ile fainali ya Julai. Watu wawili wa Croke Park, halafu majirani zao waliosoma nao shule ya msingi.

Refa, hapa ndipo jibu lako lilipo. David alikuwa akichezea Kerry ya wakubwa tangu 2018. Kama mtu mmoja anatosha kupandisha kijiji, Fossa wangekuwa wamepanda zamani. Walikaa junior misimu yote hiyo na yeye ndani ya jezi. Junior ya Kerry ni chungu: unamwekea watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, uwanja umelowa, mpira haumfikii. Mabeki wa junior hawana kasi ya kaunti, lakini wana subira ya mtu aliyesubiri mwaka mzima kumgusa David Clifford kwa bega.

Na kuna jambo la Kerry peke yake. Klabu ndogo za eneo moja zinaruhusiwa kuungana kuwa timu ya wilaya na kugombea ubingwa wa senior wa kaunti. Fossa wako chini ya wilaya ya East Kerry. Kwa hiyo mwaka huo mtu mmoja alivaa jezi tatu: Kerry mpaka Julai, kisha East Kerry, ambao walibeba ubingwa wa kaunti, na Fossa wa junior. Fainali ya junior ya Kerry Fossa walikutana na Listry, majirani kabisa, na Listry nao wako East Kerry. Yaani watu wanapeana pasi kwenye jezi moja na kupigana vikumbo kwenye nyingine, msimu ule ule. Fossa wakashinda, wakatoka junior, wakaenda michuano ya jimbo la Munster.

Desemba fainali ya jimbo, dhidi ya Kilmurry wa kaunti ya Cork. Fossa tena. Hapo Krismasi ikawa imeharibika kijijini, kwa uzuri: nusu fainali ya taifa ni Januari, hakuna kulewa, hakuna kunenepa. Mwenzangu wa nyama, ambaye timu yake ilishatolewa, alikuwa anakunywa bia huku akiwahurumia. Nadhani alikuwa na wivu.

Chumvi ya Pemba

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, na n'naona watu hawaamini kuwa mchezo huu upo. Hebu niwaambieni, huku Oman kuna klabu yao, inaitwa Clann na hOman, wako Wairishi walimu na wahandisi, wanacheza mashindano na timu za Dubai na Abu Dhabi. Timu zao huwa na watu pungufu ya 15, maana uwanja na watu havitoshi. Mwanangu alialikwa na mwalimu wake akajaribu. Amerudi nyumbani anadundisha mpira na kuupiga kwa ncha ya kiatu sebuleni, kavunja chupa yangu ya marashi. Sasa nauliza, hao vijana wanaokimbilia Sydney na Dubai, wakirudi nyumbani wanapokelewa timuni au wanaonekana wasaliti?

Mpishi wa Killarney

Wa alaykum salaam bi mkubwa, pole na marashi. Wanapokelewa kwa mikono miwili. Kuna anayepanda ndege Ijumaa akacheza Jumapili akarudi kazini. Kocha wa junior hana jeuri ya kumnunia mtu. Na hao waliohama wanaendeleza huko huko: bingwa wa Uingereza anaruhusiwa kuingia michuano hii hii ya klabu. Mwaka 2015 John Mitchels wa Liverpool walifika fainali ya junior Croke Park, wakafungwa na Brosna wa Kerry.

Kijiwe Nongwa

Endelea basi na Januari, umetuacha kwenye sikukuu. Na weusi wapo kwenye huu mchezo au ni wao kwa wao?

Mpishi wa Killarney

Wapo. Boidu Sayeh alizaliwa Liberia, akakulia parokia ya Rosemount, kaunti ya Westmeath, na mwaka huo huo wa 2022 alibeba Kombe la Tailteann, lile la daraja la pili la kaunti, na kaunti yake. Hapa Kerry yuko Stefan Okunbor, mwenye asili ya Nigeria, wa klabu ya Na Gaeil ya Tralee. Yeye alikwenda Australia kweli, akarudi. Na Gaeil wenyewe walikuwa mabingwa wa junior wa taifa Januari 2020. Mechi za watoto za Jumamosi asubuhi ukipita leo utaona sura za kila bara, na majina ambayo mtangazaji anayatamka kwa kujikaza.

Haya, Januari 15, 2023. Jumapili. Kutoka Killarney mpaka Dublin ni kama kilomita 300, basi linaondoka giza bado. Mpinzani ni Stewartstown Harps, kaunti ya Tyrone, upande wa Kaskazini, karibu na ziwa Lough Neagh. Siku hiyo hiyo, fainali ya intermediate nayo ni Kerry na Tyrone, Rathmore na Galbally Pearses. Kwa hiyo Jumapili nzima ni kusini kabisa dhidi ya kaskazini.

Kitu cha kwanza kinachokupiga ni viti. Uwanja wa watu 82,300, na vijiji viwili haviwezi kuujaza hata vikileta mifugo. Majukwaa makubwa yako matupu, baridi inateremka kwenye zege, na kila sauti inasikika. Unamsikia kipa akimpigia beki kelele kwa jina la utani la utotoni. Hilo halisikiki Julai. Jukwaa moja limepewa jina la Michael Hogan, mchezaji wa Tipperary aliyeuawa pale pale uwanjani Novemba 21, 1920, askari wa Uingereza walipofyatulia watu risasi katikati ya mechi. Shambulio hilo la uwanjani liliua watu 14. Mfungaji wa pointi wa junior, mtu wa kuuza mbolea, anacheza mbele ya jukwaa hilo, juu ya nyasi hizo hizo. Kwa wengi wao ni mara moja maishani, na wanajua.

Stewartstown hawakuja kutalii. Walikaba kwa mikono, vifua na maneno. Ukitazama Clifford kwa karibu, kazi kubwa anaifanya kabla mpira haujafika: hatua mbili za uongo kushoto, beki anameza, nafasi inafunguka kulia. Halafu anageuka kwenye mguu wa kushoto na mpira unapita juu ya mtambaa panya kabla beki hajajua ageukie wapi. Sehemu kubwa ya pointi za Fossa ilitoka kwake. Lakini Stewartstown walipata goli, Fossa hawakupata hata moja, na mechi haikuachana mpaka mwisho.

Dakika za mwisho ikageuka vurugu. Jezi zinavutwa, watu wamerundikana, refa anatoa kadi nyekundu pande zote mbili. Kaka nje. David Clifford, mchezaji bora wa nchi, naye nje! Mabingwa wa taifa walikuwa wanasubiri filimbi ya mwisho bila ndugu hao wawili, na wale majirani zao waliosoma nao shule ya msingi ndio walioshika ngome. Filimbi: Fossa 0-19, Stewartstown 1-13. Pointi 3. Goli moja tu lingefuta yote.

Mimi sipendi kadi, na ile ya David ilinikera kuliko zote kwa sababu mtoto aliyekaa mbele yangu alikuwa na jezi yenye jina lake mgongoni na alilia. Ila wanaosema "mfalme alijishusha kucheza na raia" waangalie tena dakika zile. Mfalme hasukumani na fundi bomba mpaka atolewe. Alitaka kombe lile.

Mtoto wa Eldoret

Bila malipo. Na anatolewa kwa red card. Mimi nimeshindwa kuelewa lakini nimependa.

Refa Mstaafu

Nimesoma yote, na nimekwenda kutafuta mwenyewe. Mabingwa wa junior wa taifa: 2015 Brosna, 2016 Templenoe, 2017 Glenbeigh-Glencar, 2019 Beaufort, 2020 Na Gaeil, 2023 Fossa. Wote Kerry. Katikati hapo 2018 ni Knocknagree wa Cork, jirani yao. Halafu unaniambia michuano ina usawa? Kaunti moja kati ya 32 inakula sahani nzima.

Mpishi wa Killarney

Hapo Refa sikupingi, na sababu yake inajulikana. Mwaka ule Kerry walikuwa na klabu 8 tu za senior, kisha intermediate 16. Kwa hiyo klabu ya 25 kwa ubora ndani ya Kerry tayari ni junior. Tyrone wana senior 16. Timu ambayo kwingine ingekuwa intermediate, Kerry ni junior, na ikitoka nje ya kaunti inakutana na watu wepesi zaidi. Kelele zimepigwa sana kuhusu hilo, na mimi nadhani zina haki. Tatizo langu na hoja yako ni kumlaumu mchezaji. Idadi ya klabu kwenye daraja inapangwa na viongozi mezani. Mchezaji anaamka asubuhi anakuta kijiji chake kiko junior, afanye nini, akae nyumbani?

Kijiwe Nongwa

Nimesikia sheria zimebadilika sasa, kuna pointi mbili mbili. Ni kweli?

Mpishi wa Killarney

Kweli. Kamati iliyoongozwa na Jim Gavin, aliyekuwa kocha wa Dublin, ilileta sheria mpya zilizoanza 2025. Ukifunga ukiwa nje ya mstari wa tao wa mita 40 unapata pointi 2, na kibendera chake ni cha rangi ya chungwa. Kila timu lazima ibakize wachezaji 3 kwenye kila nusu ya uwanja, ili ule ukuta wa watu 15 nyuma uishe. Ukifanyiwa faulo unaweza kujianzishia mwenyewe kwa kuupiga mpira kwenye ncha ya kiatu na kuendelea. Ukimbishia refa, mpira unasogezwa mita 50 mbele. Hiyo imefunga midomo mingi.

Kwa kaunti imefanya mchezo uwe moto. Kwa junior, mimi nina shaka na hiyo ya watatu watatu. Refa yuko peke yake katikati ya uwanja wa mita 130 na zaidi, washika vibendera wa pembeni wakati mwingine ni watu wa klabu zenyewe, nani anahesabu nani kavuka? Mechi moja ya mwenzangu wa nyama ilisimama watu wakihesabiana vichwa kama wanafunzi kwenye safari ya shule. Refa akasema watatu, kocha akasema wanne, shabiki mmoja akasema wawili.

Chumvi ya Pemba

Na mtu akitaka kutazama, atazame wapi? Mwanangu ananisumbua.

Mpishi wa Killarney

Bi mkubwa, mechi nyingi za klabu zinaonyeshwa na TG4, televisheni ya lugha ya Kiayalandi. Mtangazaji hutaelewa, na hata Wairishi wengi hawamwelewi vizuri, lakini namba za matokeo ziko pale juu na mwanao atakutafsiria mengine. Fainali za Januari ndizo nzuri kuanzia.

Na Refa, kabla sijaondoka, ongeza hizi kwenye orodha yako. Mapema 2022 fainali ya junior ilikuwa Kilmeena wa Mayo na Gneeveguilla wa Kerry: Kilmeena walishinda. Januari 2024, Arva wa Cavan na Listowel Emmets wa Kerry: Arva walishinda. Kerry wanafungika.

Refa Mstaafu

Asante kwa kunisaidia. Fainali tatu mfululizo, 2022, 2023, 2024, Kerry wameingia zote. Mbili wamepigwa na watu wa kawaida. Moja wameshinda, kwa pointi 3, na hiyo moja ndiyo iliyokuwa na mchezaji bora wa nchi ndani. Sasa nirudie swali langu au umelielewa?

Mpishi wa Killarney

Zamu yangu inaanza saa kumi na moja, na kuna kundi la watalii 40 wanataka samaki. Nikitoka nakujibu.

Kijiwe Nongwa

Mwandishi kakimbia! Refa goli moja, mpishi pointi mbili. Nasubiri hapa hapa kwenye mkeka.